Jamaa ya Mudogo Ndani ya Mashini

Mulishaona wapi mwanamuke anaingia mu ofisi akiwa muntu mumoja, anatoka akiwa banamuke bane? Mimi nilimuona, na mimi njo nilikuwa nimemukalisha ku kiti. Aliingia na batoto bake bane, akakunywa chai yetu, akajibu maulizo yote vizuri, na wakati alikuwa anashika njia ya kurudi, mashini ilikuwa imeshamuzaa mara ine. Kwa kila mutoto, mama mupya. Jina moja, kijiji kimoja, kitambaa kimoja ku kichwa mu foto zote, lakini mashini ilisema hawa ni bamama bane. Shefu wetu alifurahi sana, juu hesabu ya bantu benye tulisaidia ilipanda.

Ninyi bana benye munakaa sasa mbele ya mashini mu maofisi ya sosiali, hapa Kamembe, Rwanda, na kule Mururu, munafikiri ile kazi ilianza na ninyi. Haikuanza na ninyi. Ngojeni niwaambie, sasa nimeshapumzika na magoti yangu imeshakubali. Mambo ya mushahara na ya kupanda cheo sitasema. Mushahara ulikuwa unafika umechoka na unaondoka mbio, na cheo changu kilikuwa ni kiti chenye mugongo, kwisha.

Nilianza kazi kisha ya ile vita ya kwanza ya Congo, wakati bantu bangali banavuka daraja ya Rusizi na magodoro ku kichwa. Kituo chetu kilikuwa kule juu ya Gihundwe, nyumba moja ndefu ya mabati, ya kupokea batoto benye balipotezana na jamaa yabo. Mimi balinitwaa kwa kuosha masufuria. Siku ya kwanza, mbele hata maji ipate moto, mutoto mumoja akaanza kulia mu baraza na hakuna mwenye anasikia luga yake. Alikuwa analia mu Mashi, luga ya Bashi ba Congo. Mimi nilikomalia ngambo, Bukavu, niliuzishaka nyanya na bamama ba Bashi miaka na miaka, Mashi yao naijua mupaka matusi. Nikatoka na kifuniko cha sufuria mu mukono, nikamujibu. Akanyamaza. Mukubwa wa maulizo, Maman Consolata, muuguzi wa zamani mwenye sauti kama ya kinanda mu misa, akaninyanganya kile kifuniko. Akasema masufuria itapata muntu mwingine.

Ule mama njo mwalimu wangu. Alinionyesha kiti kifupi, cha miguu ya kukatwa, akasema ukitaka kuuliza mutoto, kaa chini kuliko yeye, akuangalie kutoka juu, ajisikie mukubwa. Akasema kalamu isishikwe mbele mutoto ale. Na akanifundisha ulizo. Siku moja nilikuwa nauliza katoto, mama yako anaitwa nani, mama yako anaitwa nani, kama polisi. Consolata akanivuta kando.

"Maman Zawadi, mutoto hana jina ya mama. Ako na mama. Umuulize nani alikuwa anamuogesha, nani alikuwa anamupiga, na nani alikuwa anamuficha wakati mwingine anataka kumupiga."

Tangu ile siku sikuuliza tena jina. Na majibu ilikuwa inakuja mingi, ile mingi ya kukushangaza. Juu ninyi munajua kwetu namna gani. Mwenye alikuzaa ni mama. Mukubwa wake ni mama mukubwa, mudogo wake ni mama mudogo. Muke wa baba mudogo, naye mama. Jirani mwenye alikupa ziwa wakati mama alikuwa na malaria, utamuita nani, madamu? Mutoto anaweza kukuambia mama mara tano ndani ya habari moja, na ni bantu batano, na hajadanganya hata mara moja. Consolata alikuwa anaandika bote ku karatasi, anafunga makaratasi na pini, na panya ya kile kituo ilikuwa inayasoma kuliko wakubwa.

Kisha Consolata akarudi kwabo, na vita ya pili ya Congo ikakomaa, na mashini ikakuja, ile munaita kompyuta.

Alikuja nayo Papa Déo. Alikuwa kijana wa hapa kwetu, mwenye alisomea ngambo, mwembamba, na mifuko yenye kujaa nyuzi. Nilimuita Papa juu ya heshima ya kazi, si juu ya ndevu, ndevu hakukuwaka nazo. Alituelezea: mashini moja kubwa inakaa mu chumba cha nyuma, zile zingine zinaifungua kwa dirisha moja, dirisha la internet. Nikamuuliza internet yenyewe iko wapi. Akasema haijafika Gihundwe, lakini dirisha liko. Basi tulikuwa na dirisha la internet bila internet, na bageni kutoka Kigali balikuja kulipiga foto.

Sasa mu hiyo mashini kulikuwa fishi, yaani ule ukurasa wa kujaza. Sikilizeni namna ilivyokuwa. Unafungua fishi ya mutoto. Ndani ya fishi ya mutoto kuna fishi ya mama. Ndani ya fishi ya mama kuna fishi ya batoto bake bengine. Ndani ya kila mutoto kuna tena fishi ya mama. Na kila pahali kuna kale kabutoni: ONGEZA. Unaongeza, unaongeza, unashuka kama muntu mwenye anatafuta ndoo ndani ya kisima, na ukifika chini umeshasahau nani anakaa mbele yako. Na mashini haikujua kuuliza, huyu mama tulishamuandika? Kila fishi ya mutoto ilizaa mama wake mupya. Njo namna ule mwanamuke wa batoto bane alitoka akiwa bane.

Na tena kulikuwa sekretere wetu, mwenye alikuwa anapiga mashini wakati mimi nauliza. Alikuwa amekomalia Uganda. Vidole vilikuwa mbio, lakini Swahili ilimuingia kama maji mu kiatu. Mutoto anasema mama mudogo njo alinilea, mimi narudilia, mama mudogo njo alimulea, na yeye anaandika: jina ya kwanza, Mama, jina ya jamaa, Mudogo. Kesho yake, Mama Mukubwa. Hakuna mwenye aliona. Kisha miezi, Shefu akatoa raporo, ripoti ya kazi yetu: jamaa kubwa kuliko zote mu jimbo letu la Cyangugu nzima ni jamaa ya Mudogo, na ya pili ni jamaa ya Mukubwa.

Munacheka. Shefu hakucheka. Alituma barua ku bakubwa ba Nkanka, kule kando ya ziwa, bamutafutie jamaa ya Mudogo, ataenda kubatembelea mwenyewe. Bale bakubwa bakajibu kwa heshima kwamba hawajui muntu wa hilo jina. Shefu akasema banabaficha. Bageni ba Kigali balipokuja, nilimusikia na masikio yangu anabaelezea kwamba labda kati ya ba Mudogo na ba Mukubwa kuna shida ya mashamba. Mugeni mumoja akaandika. Mimi nilitoka inje nikajifunika kitenge mu kinywa.

Nikamuambia Papa Déo, kaa siku moja ku kiti yangu, jaza ile fishi yako wewe mwenyewe. Hakukataa, alikuwa muntu mwema. Akaja mama mumoja muuzaji wa sambaza, samaki ndogo za ziwa, mwenye beseni yake imebaki ku mulango inanukia kituo chote. Déo akamuandika. Akashuka fishi, akashuka ingine, akaongeza, akarudi, akatoka jasho. Mwishowe akabaki anaangalia ekra, kile kioo cha mashini. Ule mama akauliza kama bamemaliza.

"Karibu," Déo akasema. "Lakini kwa sasa, maman, mashini inasema wewe ni mutoto wa wewe mwenyewe."

"Basi umuambie mama yangu akauzishe zile sambaza," yule akamujibu. "Mimi nataka kulala."

Hata hivyo fishi haikubadilika. Déo alikuwa anataka, lakini Shefu alipenda ukurasa murefu. Ku kichwa chake, fishi yenye haichokeshi muntu haiko ya kweli. Alikuwa anasema kila kitu kiwe ku ukurasa mumoja. Tukaendelea kushuka mu kisima. Mupaka Neema.

Neema alikuwa wa miaka saba hivi, meno ya mbele imetoka. Alivuka daraja akiwa ameshikwa mukono na mama mumoja Mushi, Nabintu, muuza makala. Nabintu alikuwa amemuokota ku njia ngambo ya pili, katoto kenye homa, kangali kananyonya, wakati bantu balikuwa banakimbia ile vita ya kwanza na kila muntu alikuwa anakanyaga mwenzake. Akamulea. Kisha akasikia ku soko kwamba kuna mwanamuke wa Mururu, Chantal, mwenye alipoteza mutoto wake mu ile mbio, na anaulizaka kila muntu wa ngambo juu ya katoto kenye kovu ku kisigino. Neema ako na kovu ku kisigino. Nabintu angeweza kunyamaza, nani angemujua? Akavaa kitenge cha kanisa, akamuleta.

Chantal akapanda kutoka Mururu. Sitaelezea namna balionana. Niseme tu kwamba Chantal aliangalia kile kisigino, akakaa chini ku simenti, na Nabintu njo alimuinua.

Nikauliza Neema maulizo ya Consolata. Nani alikuwa anakuogesha? Mama. Mama yupi? Akaonyesha Nabintu na kidole. Kisha akamuangalia Chantal, akanyonga shingo, akasema na huyu pia ni mama, basi. Kwake haikuwa mambo.

Kwa mashini ilikuwa mambo. Fishi ya mutoto ilikuwa na kasanduku kamoja ka mama. Sekretere akiandika Chantal, Nabintu anapotea. Akiandika Nabintu, Chantal anapotea. Akijaribu kushuka ndani, fishi ndani ya fishi, apitishe mumoja mulango wa nyuma, ukurasa wote unakuwa mwekundu na juu yake: KONFLI, njo kusema kuna ugomvi. Na mutoto mwenye fishi nyekundu hakukuwaka na ruhusa ya kurudi kwabo. Siku ya Ijumaa lori ilikuwa inakuja kuchukua bekundu bote, inabapeleka ku kituo kingine, mbali sana, ngambo ingine ya inchi, bangojee kule mupaka komisiyo, kamati ya kukata mambo, ikae. Ile komisiyo, mimi sikuonaka muntu mwenye aliiona ikikaa. Batoto benye balipanda ile lori, bengine balikomalia kule.

Ilikuwa siku ya tatu, Jumatano. Shefu akabaita bale bamama babili mu ofisi yake, na mimi wa kutafsiri. Akavaa miwani.

"Kati yenu, mama wa mutoto ni nani?"

"Ni mimi," Chantal akasema.

"Ni mimi," Nabintu akasema.

Hawakusema kwa vita. Balisema kama bantu babili benye banaitikia jina ku apeli ya shule. Shefu akaniangalia, kama mimi njo nimeharibu tafsiri.

"Mumoja anadanganya."

"Shefu," Nabintu akasema, "huyu alimuzaa. Mimi nilimupa ziwa pamoja na mutoto wangu, ziwa moja yake, ziwa lingine ya mwenzake. Sasa unataka tukudanganye namna gani?"

Shefu akavua miwani, akaisafisha. Akasema yeye kama muntu anasikia, lakini mashini inaomba mama mumoja. Wasipochagua, Ijumaa mutoto anapanda lori. Akasema hivyo kwa upole, na upole wake njo uliniuma. Chantal akamuangalia Nabintu. Nabintu akaangalia inje, kwa dirisha, kule Neema alikuwa anaruka kamba. Nikaona sasa kwamba mumoja atasema mimi naacha, na ni ule mwenye alimuleta kwa miguu yake. Nikasema bamama banaomba kwenda kuomba Mungu kwanza. Hawakuwa bameomba kitu. Ni tafsiri yangu.

Papa Déo alikuwa mu chumba cha nyuma na mulango wazi, alisikia yote. Nilimukuta amekaa, mikono ku magoti.

"Maman Zawadi, kale kasanduku, mimi njo nilikaandika."

Nikamuambia nakajua, na kungali siku moja, na chai iko. Akakaa mbele ya ile mashini Alhamisi nzima. Saa ya chakula nilimupelekea bugali na dagaa, akanionyesha kile alikuwa anafanya, na nilisikia juu alisema kama muntu, si kama kitabu. Muntu mukubwa anaandikwa mara moja, ku fishi yake yeye peke yake. Mutoto naye ku fishi yake. Hakuna fishi inaingia ndani ya ingine, kisima kimefungwa. Katikati yabo kuna kakamba. Ku ncha moja mutoto, ku ncha ingine muntu mukubwa, na ku kamba yenyewe unaandika huyu ni nani kwake: alimuzaa, alimulea, ni mukubwa wa mama, ni jirani.

"Na mutoto mumoja ako na ruhusa ya kamba ngapi?" nikamuuliza.

"Zote zenye ako nazo."

"Na mama mumoja?"

"Vilevile."

Na ku fishi ya mutoto hakukuwa tena ONGEZA ndani ya ONGEZA. Kulikuwa lisiti, orodha ya bantu benye balishaandikwa, na kasanduku kadogo kando ya kila jina. Unatia alama kwa benye ni bake, unafunga. Kama muntu hayuko mu lisiti, unaenda kumuandika kwanza ku fishi yake, kisha unarudi. Basi. Nikamuuliza kama ku iniversite hawakumufundisha hiyo. Akasema balimufundisha, mwaka wa pili, na alipata pointi nzuri, lakini Shefu aliomba ukurasa mumoja na yeye alikuwa na hofu ya kupoteza kazi. Nikamuambia ale, dagaa inapoa.

Mbele ya kutoka, tukarekebisha na bamama benye balikuwa bamezaliwa mara mingi. Na jamaa ya Mudogo ikaisha yote, mukubwa na mudogo, bila kilio na bila sanduku ya maiti. Kila Mama Mudogo akapata jina yake, na kamba yake.

Ijumaa lori ikafika asubuhi, shofere hakuzima hata moteri. Shefu akatoka na kalamu, akaingia kufungua fishi za bekundu mumoja mumoja, mimi nyuma yake, Neema inje na mufuko wake tayari, bamama babili bamemushika kila mumoja mukono wake. Akafungua Neema. Ukurasa mweupe. Chini, majina mbili, na alama mbili. Chantal: alimuzaa. Nabintu: alimulea. Shefu akasogea karibu. Akafunga, akafungua tena. Akapanguza ekra na shati, labda wekundu ulikuwa chini ya vumbi.

"Déo, konfli iko wapi?"

"Hakuna, Shefu. Konfli ilikuwa mu fishi. Ku bantu haikukuwaka."

Bale bamama balikuwa bamemuambia Shefu mambo yale yale na vinywa vyabo, mbele ya macho yake, na hakubaamini. Lakini ekra ilikuwa nyeupe, na ekra yeye alikuwa anaiamini kama Injili. Akatia sinyatire, sahihi yake. Akanyoosha mukono kwa shofere: huyu apana. Na ku mukutano wa juma ingine akabaambia bageni kwamba yeye njo alirahisisha ile fishi. Déo aliinama kutafuta kitu chini ya meza, mabega inatetemeka.

Neema akasomea Mururu, na vakansi zake za shule akapitisha ngambo kwa Nabintu. Wakati daraja ilifungwa juu ya vita, alibaki pahali alikuwa, na ule mama mwingine akangojea. Siku ya ndoa yake babili bakakaa ku musambi mumoja, mukeka wa bamama, na bantu ba bwana-harusi bakalazimika kuleta vitenge viwili, kimoja kwa kila mama. Bakalalamika kidogo. Nilibaambia bashukuru, juu ningeweza kubaletea jamaa yote ya Mudogo.

Sasa ninyi bana. Mashini yenu iko nyembamba kama sahani, internet imefika mupaka Nkanka, na bado kila mwaka natembelea ofisi moja, naona mwenye alijenga fishi ndani ya fishi ndani ya fishi, na anajisifu. Juzi nimeikuta mu nyumba yangu mwenyewe. Mujukuu wangu Aline, mwenye anafanya hiyo kazi ya informatike, bamemupa ajenge kitu cha kuandikisha batoto ku shule moja hapa Gihundwe. Akanionyesha ku mashini yake, na raha yote. Nikaona ONGEZA. Nikaona kasanduku ka mama. Kamoja. Nikamuuliza, na mutoto wa Neema, mwenye ataanza masomo mwaka huu, analelewa na mama yake na Nabintu pia, utabaweka wapi?

"Sisitemu inaomba mumoja, Nyogokuru." Njo namna ananiita, mimi bibi yake.

Sikupiga kelele. Nikamuambia azime hiyo kitu, alete maharagwe tuchambue, na nikamusimulia yote kama nimewasimulia ninyi, na simenti yenye Chantal alikaa, na lori yenye moteri haikuzimwa. Alicheka kwa ba Mudogo mupaka akaangusha maharagwe. Kwa Nabintu mwenye anaangalia dirishani, akaacha kuchambua. Kisha akafungua tena mashini yake, akakafuta kale kasanduku mbele yangu, akanishika mukono.

"Nyogokuru, sitabapatia hii kazi mbele ya kukuita. Utakuja na Neema, na Chantal, na Nabintu, mukae ku ekra, mujiandike. Kama mumoja wenu anabaki inje, nitaivunja yote na nianze tena."